Dozi Isiyoisha

Kiswahili tunachozungumza kila siku kimeupa ugonjwa miguu. Homa humshika mtu, kisha humwachia. Presha hupanda, presha hushuka. Sukari "ilimsumbua wiki iliyopita, ila sasa imetulia." Na liko neno ambalo limeingia katika kila nyumba kuanzia Kayanga mpaka Murongo mpakani na Uganda, nalo ni dozi. Mgonjwa wa malaria hupewa dawa mseto ya siku 3, huimeza, huimaliza, na kumaliza dozi huwa ndiko kupona kwenyewe. Lugha hii haikuzuka bure. Imetengenezwa na watu walioishi vizazi kwa vizazi na magonjwa yanayokuja kwa kishindo, yakaua au yakaondoka zake. Ninachotaka kusema hapa ni kwamba kisukari na shinikizo la juu la damu vinawaumiza watu wa wilaya za Karagwe na Kyerwa kwa sababu, zaidi ya jambo jingine lolote, vinasomwa kwa kalenda ya homa, yenye siku ya kuanza na siku ya kumaliza, ilhali vyenyewe vikishaingia haviondoki. Na mkoa huu wa Kagera, kwa historia yake chungu, umejifunza kabla ya sehemu nyingine za nchi namna ya kuishi miaka mingi na ugonjwa usioondoka. Ujuzi huo haujapotea. Umefungiwa katika chumba kimoja cha kituo cha afya, kwa ajili ya ugonjwa mmoja.

Tuanze na kinachotokea mwilini magonjwa haya mawili yanapokutana, kwa maana hapo ndipo penye hatari. Sukari inayozidi katika damu kwa muda mrefu huharibu utando laini wa ndani wa mishipa, na mishipa midogo huumia kwanza: ile ya nyuma ya jicho, ile ya figo, ile inayolisha neva za miguu. Presha nayo huisukuma damu kwa nguvu isiyostahili ndani ya mishipa ile ile iliyokwisha kudhoofika. Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja, na kila kichujio ni kifundo cha mishipa myembamba kuliko uzi. Kichujio kikifa, hakiponi wala hakioti kingine. Mwenye figo hasikii kitu. Anakojoa kama jana na juzi, analima, anakwenda gulioni, huku protini ikivuja kidogo kidogo katika mkojo wake, na siku atakapovimba miguu na uso sehemu kubwa ya figo itakuwa imekwisha kwenda. Kwenye jicho, mishipa huvuja polepole mpaka siku mtu anapoona kama utando wa buibui mbele yake. Kwenye ubongo, mshipa mmoja huziba au hupasuka, na aliyelala mzima huamka upande mmoja haumtii. Moyo hunenepa kuta zake kwa kusukuma mzigo usiopungua. Tena mtu ambaye neva zake zimeharibiwa na sukari anaweza kupata mshtuko wa moyo bila yale maumivu ya kifua yanayowafanya wengine wakimbilie hospitali.

Uko utafiti mmoja ambao kila anayeishi na magonjwa haya mawili alistahili kusimuliwa kwa lugha yake. Ulifanyika Uingereza na kutangazwa mwaka 1998. Watu 1,148 wenye kisukari na presha kwa pamoja walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 8. Kundi moja lilitibiwa kwa bidii zaidi, wastani wa presha yao ukawa 144 kwa 82. Kundi la pili wastani wao ukawa 154 kwa 87. Tofauti ya namba ya juu ni 10 tu. Kwa tofauti hiyo, vifo vinavyotokana na kisukari vilipungua kwa asilimia 32, na kiharusi kwa asilimia 44. Dawa kuu zilizotumika zilikuwa captopril na atenolol, ambazo hata wakati ule hazikuwa mpya na leo ni miongoni mwa dawa za bei ndogo. Walioponea hawakupewa mashine wala upasuaji. Walimeza vidonge vya kawaida, kila siku, kwa miaka, na walipimwa mara kwa mara ili dozi irekebishwe. Hayo ndiyo yote.

Lakini hiyo tofauti ya 10 hakuna mwili unaoihisi, na hapa ndipo kalenda ya homa inapotupoteza. Tazama kinachofanyika kwenye benchi la zahanati. Mkanda unafungwa juu kidogo ya kiwiko, unajazwa upepo mpaka mkono unakaribia kufa ganzi, kisha upepo unaachiwa polepole huku mhudumu akisikiliza. Anaposikia mshipa ukigonga mara ya kwanza, hiyo ndiyo namba ya juu. Pale sauti inapopotea, hiyo ndiyo ya chini. Anaandika kwenye daftari: 170 kwa 100. Mwenye mkono anasema yuko salama kabisa, amekuja kwa ajili ya kikohozi tu. Mkanda unasema kweli, na mtu naye anasema kweli. Tangu utoto amefundishwa na mwili wake mwenyewe kwamba ugonjwa ni maumivu, na mwili haukuwahi kumdanganya kuhusu malaria. Leo anaombwa aamini namba kuliko mwili, tena aiamini kesho, na mwaka ujao, na siku zote za maisha yake.

Wako watakaosema hii ni hofu ya mjini inayopelekwa vijijini. Pingamizi hilo lina mizizi katika ukweli wa zamani. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha matokeo ya kupima sukari katika vijiji vya Tanzania, na wakakuta kisukari kwa watu wasiofika hata 1 katika kila 100. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa watu wazima wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1, na shinikizo la juu la damu kwa asilimia 25.9. Njia za kupima hazikuwa sawa na haifai kuziweka namba hizo bega kwa bega kana kwamba ni ngazi moja. Ni kweli pia kwamba kisukari bado kimeelemea mijini. Presha, hata hivyo, haijali sana lami ilipoishia. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambayo ni nchi ya migomba na kahawa kama ilivyo Karagwe, wazee wa miaka 70 na kuendelea walipopimwa, karibu 7 katika kila 10 walikuwa na presha ya juu. Wengi wao ni wazee waliolima maisha yao yote na kula walichopanda. Tumezoea kuiita presha ugonjwa wa matajiri na wenye mawazo mengi, hata neno lenyewe tumelifanya jina la wasiwasi: "usinipe presha." Mtu mtulivu, mwembamba, asiye na deni la mtu, huondoka akidhani ugonjwa huo una wenyewe.

Ushahidi ulio mzito zaidi kuhusu kalenda ulipatikana Dar es Salaam, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Watu 161 waliokutwa na presha ya juu katika vipimo vilivyorudiwa waliambiwa hali yao na kushauriwa waende kutibiwa. Baada ya miezi 12, ni kama theluthi moja tu waliokuwa wamefika kwa mtoa huduma walau mara moja. Waliofika mara 5 au zaidi walikuwa asilimia 3. Hawa ni watu wa jijini, wenye zahanati na maduka ya dawa mitaa miwili kutoka nyumbani. Tukiwaita wazembe, tutakuwa hatujajifunza kitu. Yamkini wengi walifanya kile ambacho kila mgonjwa mwenye akili hufanya: walitibu walichokisikia, na kilipoacha kusikika wakaona kazi imekwisha.

Karagwe kuna tabaka jingine juu ya hili, nalo ni namna mwili unavyosomwa. Novemba 1861 John Hanning Speke na James Grant walifika Bweranyange kwa Rumanyika, mtawala wa Karagwe, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1863 Speke alieleza jinsi wanawake wa ikulu walivyonyweshwa maziwa mpaka wengine wakashindwa kusimama bila kushikwa. Alimpima mmoja wao mkono, kifua na paja kwa futi kamba. Ni ukurasa unaoumiza kuusoma, mgeni akizungusha futi kwenye mwili wa mke wa mtu kama anayepima mzigo. Tena wanawake wale walikuwa wachache. Walio wengi walikuwa mashambani na machungani. Bado unene ulibaki kuwa tamko linalosomeka kwa mbali: nyumba hii ina ng'ombe, nyumba hii haina njaa. Miaka 120 baadaye likaja jambo lililoukaza usomaji huo kuliko maziwa ya Rumanyika. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mwaka 1987, katika mji wa Bukoba, watu wazima 24 katika kila 100 walikutwa na virusi. Watu waliuita Juliana, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, wakauita Slim, kwa kuwa ulianza kwa kumkondesha mtu. Kizazi kizima kilijifunza kumwangalia jirani shingo na mashavu. Kunenepa kukawa cheti cha afya kinachobebwa usoni.

Sasa mwambie mama wa Nkwenda, Kyerwa, mwenye umri wa miaka 55, aliyezika ndugu 4 katika miaka ile, kwamba apunguze mwili. Unamwomba avae sura ya ugonjwa uliomfilisi ukoo. Na kisukari kina ukatili wake hapo: kikiachwa bila tiba, chenyewe humkondesha mtu, kikamkausha koo na kumwamsha usiku kucha kukojoa. Anayekonda kwa sukari huogopa minong'ono, hujificha, na huchelewa kupima kwa sababu ya ugonjwa asio nao. Ushauri wa afya unaotolewa bila kulijua hili huenda ukawa sahihi kwenye karatasi na usifike popote.

Hata hivyo, huko huko kwenye msiba ule ndiko ulikotoka ujuzi ninaousema. Mwishoni mwa 2004 Tanzania ilianza kutoa dawa za ARV bila malipo, na vituo vya tiba na matunzo, CTC kama kila mtu anavyoviita, vikaenea mpaka vijijini. Pale watu walijifunza jambo ambalo hakuna tiba nyingine iliyowahi kuwafundisha: kwamba mtu anaweza kuwa mzima na bado akameza dawa. Anakuwa na kadi yenye tarehe ya kurudi. Nyumbani yuko mtu mmoja anayejua na anayemkumbusha. Asipofika, jina lake husomwa na mhudumu hutoka kumtafuta. Damu yake hupimwa kuangalia wingi wa virusi, na anaambiwa namba, na namba ikishuka anaifurahia ingawa mwili wake haukuisikia ikishuka. Lugha nayo ikafanya kazi yake. Kuua virusi hakukuwezekana, kuponya hakukuwezekana, ndipo likachukuliwa neno kufubaza. Dawa za kufubaza. Sijui kitenzi kingine cha Kiswahili kinachobeba vizuri hivyo wazo la kuushika ugonjwa ulipo, usiondoke wala usiendelee. Presha na sukari zinakihitaji kitenzi hicho. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba vidonge vyake vinaifubaza presha, na kwamba siku akiviacha makali yatarudi, ameelezwa ukweli kwa neno ambalo mtaa mzima unalijua.

Pingamizi kubwa linakuja hapa, nalo sitalipita juu juu. ARV ni za bure. Metformin ya sukari, amlodipine ya presha na vijiti vya kupimia sukari, kwa wengi, vinanunuliwa. Zilizoijenga CTC ni fedha nyingi za wafadhili, hasa Marekani, na mwanzoni mwa 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, hata nyumba hiyo ilitikisika. Kuwaambia wenye presha waige mfano wa CTC bila kuwapa fedha za CTC kunaweza kuwa kejeli. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Lakini tutazame mambo mawili. La kwanza ni jaribio lililoitwa INTE-AFRICA, lililofanyika katika vituo 32 vya Tanzania na Uganda na kuhusisha watu zaidi ya 7,000, matokeo yake yakatoka 2023. Vituo vingine viliwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, kisukari na presha katika kliniki moja, foleni moja, chumba kimoja cha kusubiri. Vingine viliendelea kuwatenga. Baada ya mwaka mmoja, wenye kisukari na presha walioendelea na tiba katika kliniki za pamoja walikuwa asilimia 89, na waliotengwa karibu sawa na hao. Kati ya wenye virusi vya UKIMWI katika kliniki za pamoja, asilimia 97 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Kwa hiyo woga kwamba kuchanganya kungeharibu huduma ya UKIMWI haukuthibitika. Msomaji makini atauliza mbona hata waliotengwa walidumu kwa kiwango kile kile. Jibu lililo wazi kwangu ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na utaratibu wa kurudi na watu wa kuwafuatilia, na palipo na dawa na tarehe, watu hurudi. Ukilinganisha asilimia hizo 89 na zile 3 za Dar es Salaam, huwezi tena kusema Mtanzania hana nidhamu ya dawa.

La pili ni fedha yenyewe, na hapo kalenda inarudi kwa sura nyingine. Nyumba nyingi za Karagwe na Kyerwa hupata fedha za maana mara moja kwa mwaka, kahawa ya robusta inapovunwa kuanzia Mei na kupelekwa kwenye vyama vya msingi. Mwezi huo ada za shule hulipwa, bati hununuliwa, madeni hufutwa. Machi mfuko ni mtupu, na Machi figo bado zinasukumwa. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulipangwa kuchangiwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Mchango wa namna hiyo ukikatwa siku ya mauzo ya kahawa, pale pale kwenye mzani, mzee hatalazimika kuchagua kati ya vidonge na sabuni miezi 9 baadaye. Bima ambayo mwenye nayo anafika dirishani na kuambiwa dawa zimekwisha, akanunue dukani, hiyo itaua imani haraka kuliko kutokuwa na bima. Kila upungufu wa wiki 2 dirishani ni somo kwa mgonjwa kwamba hata serikali inaamini dozi huisha.

Liko pingamizi linalosemwa kwa sauti ya chini zaidi, nalo husikika kila mahali: "dawa za presha ukizianza huwezi kuziacha." Watu hulisema kama onyo, kana kwamba kidonge ni mtego. Wanaolisema wameona vizuri ila wamekosea kupanga kipi kimetangulia. Kisichoachika ni ugonjwa. Ulikuwa hauachiki tangu kabla ya kidonge cha kwanza, ila haukuwa na jina. Wengine wanaamini dawa hizi ndizo zinazoua figo, kwa sababu wamemwona jirani aliyezimeza miaka mingi akaishia kusafishwa damu katika hospitali ya Bugando. Mara nyingi jirani huyo alichelewa kuanza, akaacha, akaanza tena, na figo zikaenda katika vipindi vya kuacha. Dawa za kundi la captopril hupunguza uvujaji wa protini kwenye figo za mwenye kisukari, ingawa nazo zinataka figo zipimwe mara kwa mara. Zinazostahili hofu zaidi ni zile ambazo hakuna anayezihofia, diclofenac na wenzake, zinazonunuliwa dukani bila cheti kwa ajili ya mgongo uliochoka kwa jembe, na ambazo hupandisha presha na kuzichosha figo. Wanaume nao wana lao ambalo hawalisemi mbele ya muuguzi kijana: kwamba dawa zimewapunguzia nguvu za kiume. Baadhi ya dawa kweli hufanya hivyo, na zipo nyingine za kubadilishia. Lakini mara nyingi mwizi ni sukari na presha zenyewe, zilizokwisha kuharibu mishipa na neva kabla ya tiba. Mhudumu asiyeuliza jambo hili atampoteza mgonjwa bila kujua kwa nini. Na kuhusu miti shamba, sina ugomvi na maarifa ya wazee. Ugomvi wangu ni na yule muuzaji anayesema chupa 3 zinamaliza sukari, maana amelirudisha lile neno kumaliza, na mgonjwa hulipokea kwa furaha kwa kuwa alikuwa akilitamani.

Chakula nitakigusa kwa ufupi kuliko ilivyo desturi ya makala za namna hii. Orodha ya vyakula vilivyokatazwa, inayobandikwa ukutani, imefanya ugonjwa uonekane kosa la mpishi. Ndizi na maharage si adui. Ndizi ina wanga, na kiasi kinachojaa sahani ya mtu aliyeshinda na jembe kinazidi mahitaji ya aliyeshinda dukani, lakini maharage pembeni yake hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Soda 2 kwa siku na pombe ya rubisi ya kila jioni zina madhara makubwa kuliko mkungu. Chumvi, ambayo zamani ilikuwa mali ya kusafirishwa kutoka mbali kama Katwe, Uganda, na kupimwa kwa uangalifu, leo ni pakiti ya bei ndogo inayomiminwa kwa mkono, ilhali kipimo cha mtu mmoja kwa siku nzima hakizidi kijiko kimoja cha chai. Hakuna nyumba ya kijijini inayoweza kupika masufuria mawili, moja la mgonjwa na jingine la wazima. Kwa hiyo sufuria libadilike kwa wote, watoto wakiwemo, au ushauri usitolewe.

Kama bado yupo anayedai wakulima hawa hawawezi kushika utaratibu usiokuwa na mwisho, na aiangalie migomba yao. Mnyauko wa bakteria uligunduliwa Kagera mwaka 2006, ukashambulia mashamba ya Muleba, kisha ukaja huku Karagwe na Kyerwa. Hauna dawa. Mgomba unaweza kuonekana wa kijani huku ndani ukitoa usaha wa manjano, na ndizi zikaiva kabla ya wakati wake zikiwa zimeoza. Watu walijifunza kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kuunguza panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, kung'oa shina lililougua hata likiwa na mkungu. Wanafanya hivyo msimu baada ya msimu, kwa kulinda kitu ambacho bado hakijaonyesha dalili.

Itasemwa mkoa una dharura nyingine. Marburg ilitangazwa wilayani Bukoba Machi 2023 na kuua watu 6, ikarudi Biharamulo Januari 2025, na kwa siku hizo abiria walipimwa joto na dunia nzima ilitaja jina la Kagera. Ilistahili. Lakini wakati huo huo, kiharusi kiliendelea kuingia nyumba moja moja, na kila familia ilidhani kimewafika wao peke yao, wengine wakamtafuta aliyemroga baba yao. Kifo cha presha hakina siku ya kutangazwa kuanza wala siku ya kutangazwa kwisha, na kwa hiyo hakina kamati. Isitoshe, kisukari huongeza uwezekano wa kupata kifua kikuu mara 2 hadi 3, kwa hiyo hata anayejali magonjwa ya kuambukiza peke yake hana namna ya kukikwepa.

Nimebakiza miguu, kwa sababu katika nchi ya jembe mguu ndio unaopotea kwanza. Neva zilizoharibiwa na sukari huacha kupeleka habari. Mkulima wa kahawa anakanyaga kisiki kilichokatwa kwa mshazari, ndala zinatoboka, damu inatoka, naye anaendelea kupalilia hadi saa 8 mchana. Jioni anaona doa kwenye sakafu na kudhani ni la mtoto. Kidonda kisichouma hakitibiwi, na damu isiyofika vizuri haikikaushi, mpaka harufu ndiyo inayokuja kuwaambia watu wa nyumbani. Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake wametumia miaka mingi kuwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kuitunza miguu hii kabla ya msumeno, na jambo la kwanza wanalolidai ni dogo: mgonjwa avue viatu. Hospitalini hutumika uzi wa nailoni unaobonyezwa chini ya wayo. Pasipo na uzi, kidole kinatosha, na mjukuu wa miaka 12 anaweza kuifanya kazi hiyo kwenye mkeka. Babu anyooshe miguu na kufumba macho. Mjukuu aguse taratibu kwa ncha ya kidole chake, sekunde 1 au 2, bila kubonyeza: kidole gumba cha mguu wa kulia, kile cha katikati, kile kidogo cha mwisho, kisha mguu wa kushoto vivyo hivyo. Kila anapoguswa babu aseme, "Naam." Akikaa kimya mara 2 au zaidi katika zile 6, kesho yake apelekwe kituoni, akiwa bado hana kidonda.